Mume wangu hataki kutolewa zoloto: nimsaidieje kuamua?

SWALI: Assalamu alaykum. Mume wangu ana miaka 58, ni nahodha wa chombo cha uvuvi hapa Wete. Sauti ilianza kumkwaruza mwaka jana, tukadhani ni mafua yasiyokwisha. Kakatwa kinyama kikapimwa, ikaonekana saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni). Daktari mmoja kasema zoloto litolewe lote, mwengine kasema mionzi na dripu kwa wiki saba. Mwenyewe anasema bora afe na sauti yake. Shemeji zangu wananitaka nimbane akubali upasuaji, mawifi wanataka kwanza apelekwe kwa mganga. Mie nimsaidieje?
Mke wa nahodha, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Kabla ya kumuuliza mumeo anataka nini, itafute karatasi moja: majibu ya kipimo cha CT (picha ya ndani) cha shingo. Madaktari wawili wakitofautiana, si lazima mmoja awe amekosea. Saratani ikiwa bado imo ndani ya zoloto, hata kama imeshakaza ukamba mmoja wa sauti usitikisike (hiyo huitwa T3), mara nyingi hutibika kwa mionzi pamoja na kemo (ndiyo hiyo dripu ya dawa za saratani), na zoloto likabaki. Ikiwa imeshatoboa gegedu (ukuta mgumu wa zoloto) na kutokea nje (T4), wataalamu wengi hupendekeza zoloto litolewe. Basi swali la kumpelekea daktari ni hili: gegedu limetobolewa au bado?

Swali la pili watu hulisahau. Je, zoloto hilo linafanya kazi yake sasa hivi? Kama kila akinywa maji anapaliwa, au pumzi imeshamsumbua hadi akatobolewa shingo apumue, zoloto litakalobaki baada ya mionzi huenda lisimfae. Litakuwepo, lakini chakula na maji vitakuwa vinaingia mapafuni. Hapo kuokoa zoloto kunabaki jina tu.

Kama bado ana nafasi ya kuchagua, aujue ukweli wa pande zote mbili. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, wa wagonjwa 332, uliochapishwa mwaka 1991, uliwalinganisha waliotolewa zoloto kisha wakapigwa mionzi na wale waliotangulizwa kemo kisha mionzi. Baada ya miaka miwili, walio hai walikuwa asilimia 68 kila upande, na katika kundi la kemo asilimia 64 walikuwa wamebaki na zoloto. Kwa hiyo kuchagua mionzi si kuchagua kifo. Ila baadhi huishia kwenye upasuaji baadaye, na shingo iliyokwishapigwa mionzi hupona kwa taabu: kidonda huweza kufumuka, mate yakatokea shingoni kwa wiki kadhaa.

Kuhusu sauti, akitolewa zoloto hatabaki bubu. Ipo mashine ya betri inayobandikwa shingoni, ipo sauti ya kujifunza kupitia umio (njia ya chakula), na ipo vali ndogo inayowekwa kati ya koo la hewa na umio. Vali ndiyo inayotoa sauti nzuri zaidi, lakini kwa kawaida hudumu miezi mitatu hadi sita, kisha huanza kuvuja na hubidi ibadilishwe na mtaalamu. Kwa mtu wa Wete, maoni yetu ni kwamba mashine ya betri ina usumbufu mdogo zaidi. Mwambie daktari awakutanishe na mtu aliyekwishafanyiwa upasuaji huo, mumeo amsikie mwenyewe akizungumza.

Kwa nahodha, lakini, sauti huenda isiwe ndiyo hasara kubwa. Aliyetolewa zoloto anapumua kwa tundu la shingoni tu. Akianguka baharini maji yanaingia mapafuni moja kwa moja, hata kama kichwa kiko juu ya maji. Tena hawezi kuzuia pumzi kifuani, kwa hiyo kuvuta nanga au kubeba mzigo mzito kunamshinda kuliko zamani. Na moshi wa udi mnaojifukizia nyumbani unaingia bila kuchujwa na pua. Ayajue haya kabla ya kutia saini. Huenda akachagua mionzi kwa ajili ya kazi yake, na hiyo ni sababu ya mtu mzima mwenye akili timamu. Wala si ukaidi.

Lakini mionzi nayo ina masharti yake, na kwa mtu wa Pemba ndiyo yanayoamua. Kipimo cha kawaida ni grei 70 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), zikigawanywa mara 35, siku tano kwa wiki. Akipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hesabuni wiki nane hadi tisa, maana kabla ya kuanza kuna kutengenezewa kinyago cha kumtuliza kichwa na kupangiwa mionzi. Kila siku inayoongezeka kwa kukatiza matibabu hupunguza nafasi ya kuidhibiti saratani kwa takriban asilimia 1. Kwa hiyo asirudi nyumbani Ijumaa kwa matumaini ya kuwahi Jumatatu. Kusi ikichafuka, boti haziendi. Mashine ikiharibika, ulizeni siku iliyopotea italipwaje: zipo njia, mojawapo ni kupigwa mara mbili kwa siku moja, zikipita saa sita au zaidi katikati. Kama hamna pa kukaa Dar kwa muda wote huo, semeni mapema, kwa sababu mionzi ya kukatika katika ni mbaya kuliko upasuaji uliokamilika. Upasuaji nao mara nyingi hufuatwa na mionzi, na hiyo inatakiwa ianze ndani ya wiki sita.

Kabla ya mionzi aende kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe wiki mbili au zaidi kabla ya kuanza. Liking'olewa baadaye, mfupa wa taya uliopigwa mionzi unaweza kukataa kupona. Sigara aiache leo, maana hupunguza nguvu ya mionzi. Dawa ya dripu inayotumika zaidi ni sisplatini. Inaweza kuumiza mafigo na masikio, kwa hiyo ulizeni kipimo cha mafigo kabla ya kila dripu, na mwambieni daktari mara masikio yakianza kuvuma. Anahitaji maji mengi, na Ramadhani ikimkuta humo asifunge. Ruhusa ya mgonjwa ipo. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu ya mionzi ndiyo utakapohitajika zaidi. Koo hubabuka ndani, mate hukauka, chakula humchoma. Mtu wa kilo 60 anahitaji kiasi cha gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku; yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8. Bokoboko lililosagwa laini likaongezwa maziwa linapita vizuri, na uji wa tui na mayai pia. Pilipili, ndimu, achari na urojo aviweke kando. Mchanganyie kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea mikate (baking soda) katika lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, asukutue kila baada ya saa mbili au tatu, asimeze. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya kula. Akiandikiwa mofini ya maji, aitumie kwa saa zake, asingoje mpaka alie. Mpime uzito kila Jumatatu. Akipoteza kilo mbili kwa wiki, ombeni mpira wa kulishia puani kabla hajaishiwa nguvu. Wengi hukataa mpira kwa aibu, kisha hulazimika kukatiza mionzi.

Mawifi usigombane nao. Dua na kisomo havizuii tiba. Kinachodhuru ni kuchelewa, chanjo za wembe shingoni, na dawa za majani zinazonywewa pamoja na kemo, kwa sababu ya mafigo. Shemeji nao waambie saini ni ya mgonjwa. Wachague mmoja wa kuingia nanyi kwa daktari, na wewe uandike majibu kwenye daftari, maana mumeo atasahau nusu ya aliyoambiwa.

Mpe siku chache za kufikiri, ikibidi wiki moja au mbili, lakini si miezi. Isipokuwa jambo moja: akianza kupiga mluzi au kukoroma akivuta pumzi naye yuko macho, njia ya hewa inaziba. Usingoje boti ya asubuhi wala kikao cha ukoo. Mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo huo, atobolewe shingo apumue kwanza. Uamuzi wa zoloto unaweza kungoja.