Anasoma kila bango lakini hajibu maswali: nimnyime vitabu?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na amethibitishwa kuwa na usonji. Anasoma kila kitu: ubavu wa daladala, pakiti za unga, hata gazeti. Lakini nikimuuliza "Unataka maji?" naye hunijibu "Unataka maji?" Mwalimu wake anashauri nimwondolee maandishi ili alazimike kuongea. Nifanye hivyo? (Mama, Morogoro)

JIBU: Usimwondolee, mama. Katika kazi yangu ya tiba ya usemi na lugha nausikia ushauri huo mara nyingi, na unaniumiza, kwa sababu unamfungia mtoto mlango alioufungua mwenyewe. Kusoma mapema hivyo bila kufundishwa, huku mazungumzo yakichelewa, huitwa haipaleksia. Jina hilo lilitolewa na watafiti Norman na Margaret Silberberg mwaka 1967, na wengi wa watoto wa aina hii wana usonji.

Ila kutamka si kuelewa. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, hivyo aliyeshika silabi anaweza kumaliza ukurasa mzima wa gazeti asijue unasema nini. Mpime kwa vitendo: mwandikie "Weka kijiko kwenye kikombe", mpe karatasi, usiseme neno wala usinyooshe kidole. Akiishia kuisoma tu kwa sauti, rudi kwenye maneno mawili mawili, na vitu vyenyewe viwe mezani.

Huko kurudia maneno, yaani ekolalia, si ukaidi. Mwaka 1981 watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba mtoto hurudia akiwa na makusudi mbalimbali: kushika zamu yake, kukubali, kuomba. Kwa hiyo akisema "Unataka maji?" huku akitazama jagi, huenda ameshakuomba. Ameibeba sentensi yako nzima, pamoja na ile "u-" inayomhusu yeye ukisema wewe. Andika kadi yenye "Nataka maji". Isome polepole kwa niaba yake, kidole kikifuata maneno, kisha mpe maji papo hapo. Usimwamrishe "Sema nataka maji", maana atarudia na "sema" pia. Akizoea, kata kadi katikati: "Nataka" ibaki, "maji" ipishane na "uji", "mpira", "kulala". Hapo ataona kwa macho sehemu inayobadilika, jambo ambalo sikio lake halijamwezesha kulikamata.

Mapenzi ya maneno hayaishii utotoni. Les Murray, mshairi wa Australia aliyejitambulisha kuwa na usonji, alifanya kazi ya kutafsiri chuo kikuu, na mashairi yake yakatafsiriwa kwa Kifaransa na Daniel Tammet, mwandishi wa Uingereza ambaye naye ana usonji. Simtabirii mwanao hayo. Nataka mwalimu ajue kwamba anachotaka kukiondoa kina thamani.

Kama hajapimwa masikio, mpeleke hata kama unaona anasikia vizuri. Na akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, muone daktari wa watoto mara moja.