Hogo limetoka ila ngumi haifungi, je nitarudi kwenye cherehani?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, nina miaka 54. Niliteleza kwenye tope nikaangukia kiganja cha kulia, eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono, nikafungwa hogo wiki 6. Limetolewa sasa ni wiki ya 4, wamesema mfupa umeunga. Shida ni vidole. Ngumi haifungi, mkasi sishiki, hata vifungo vya gauni langu nafungwa na mjukuu, kusonga ugali ndo kabisa. Nikivikunja kwa mkono wa kushoto vinaenda kidogo halafu vinagoma pale kwenye vifundo vikubwa. Binti yangu kaniletea mpira wa tenisi niwe naminya, dada yangu anasema twende kwa mzee mmoja anavuta vidole kwa mafuta vinaachia siku hiyohiyo. Nifuate lipi, au nisubiri itajirudi yenyewe?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Kwanza mi sio daktari, ni mtu wa tiba kwa vitendo, wale tunaomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, mnatuita watu wa OT na wengi wanatuchanganya na fizio, haina neno, mkono wako unatuhusu wote wawili.

Nikujibu moja kwa moja halafu ndo nieleze. Kwa mzee usiende. Mpira weka kabatini kwanza. Na kusubiri ijirudi yenyewe wiki ya 4 hii hapana, kila wiki inayopita hapo kwenye vifundo panazidi kukaza.

Sasa kitu ambacho watu wanakiruka, kidole kisichokunja kinaweza kuwa na shida mbili tofauti kabisa na kwa nje zinafanana. Moja ni jointi imekaza, yaani hata ukisaidia kwa mkono mwingine hakiendi. Ya pili ni kwamba jointi iko huru ila hakuna kinachoivuta, manake msuli umelegea au kano imenasa kwenye kovu au imekatika kabisa. Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kwenye vidole, iko huku juu kati ya kiwiko na kifundo, inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita kwenye ganda lake, na wewe ulivunjika palepale zinapopita. Kwahiyo kabla ya kumwambia mtu fanya zoezi hili au lile lazima ujue waya umenasa au ni breki yenyewe imeshika kutu.

Chukua futi yako ya kushonea. Kaa, egemeza kiwiko mezani, kunja vidole mwenyewe hadi mwisho, mtu akupimie kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mstari wa kiganja, ule ulio karibu zaidi na vidole, ni sentimeta ngapi. Andika. Halafu visukume taratibu kwa mkono wa kushoto, pima tena. Kama namba zinakaribiana, jointi ndo inakataa. Kama ukisaidia kinaingia vizuri ila chenyewe kinabaki njiani, basi ni kano au nguvu. Kuna na kipimo kingine, vikunje kwa kusaidia huku kifundo cha mkono umekiinamisha chini, halafu rudia huku umekiinua juu. Vidole vikiingia zaidi kifundo kikiwa juu, kuna kano za mgongo wa mkono zimefupika. Isipobadilika chochote, ni jointi.

Kwa ulivyoandika, "vinaenda kidogo halafu vinagoma kwenye vifundo vikubwa", naona zaidi ni jointi, na kidogo nguvu. Na nitakuuliza kitu mama, hogo lako lilifika wapi? Maana naona sana, nisitaje ni wapi, mtu kavunjika kifundo tu ila hogo limevuka mstari wa kiganja likafunika hadi vifundo vya vidole. Kwa kuvunjika kwa aina yako hogo linatakiwa liishie kabla ya huo mstari, ili vidole vikunje kuanzia siku ya kwanza. Na mgonjwa aambiwe hivo. Wengi wanaambiwa "usichezeshe mkono", wao wanaelewa hata vidole, wananing'iniza mkono kwenye kitambaa shingoni mwezi na nusu, unavimba, ukitoka hapo na bega nalo limeganda. Hebu inua mkono huo juu ya kichwa sasa hivi uone, kama haufiki masikio na bega liingie kwenye mazoezi.

Kwanini vifundo vikubwa vinagoma, we ni fundi utanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Ukimshonea mtu shati la mikono ya kubana ukampima mkono umenyooka, akiwa amesimama linamkaa safi, akikunja kiwiko linambana, si ndio? Pembeni ya kila kifundo kikubwa cha kidole kuna kamba mbili ndogo zinazoshikilia mifupa, kidole kikinyooka zinalegea, kikikunja zinavutika. Vidole vikikaa vimenyooka wiki kadhaa huku vimevimba, kamba zinafupika kwenye huo ulegevu, siku unataka kukunja kitambaa hakitoshi. Na dawa yake ni kama ya kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa, unakivuta kidogokidogo kwa muda, ukikivuta kwa nguvu mara moja kinachanika.

Ndo maana namkataa yule mzee. Sio kwamba nadharau waganga wa mifupa, wengine wana mikono mizuri, ila kuvuta kwa nguvu kunachana zile kamba, siku hiyo kidole kinaweza kweli kuachia, usiku kinavimba, na uvimbe ukikaa unageuka kovu, baada ya wiki mbili unakuwa pabaya kuliko ulipoanzia.

Na mpira? Aisee huu ushauri wa mpira sijui nani alitusambazia. Mpira wa tenisi ni mnene, ukiushika ngumi inaishia nusu, kwahiyo unafanya mazoezi ya kuwa hodari wa nusu ngumi wakati shida yako ni ile nusu iliyobaki. Chukua kitambaa, kizungushe kiwe rola nene unaloweza kulishika likagusa vidole na kiganja, minya hapo, baada ya siku kadhaa punguza mzunguko mmoja, hivohivo mpaka unashika kitu chembamba kama mpini wa mwiko. (Mwenye mgonjwa wa kiharusi anayesoma hapa, haya hayakuhusu, mkono unaokaza kwa kiharusi ni habari nyingine, usimkamatishe mpira wala rola bila kuangaliwa.)

Utaratibu wa siku uwe hivi. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, sio ya moto, na joto lake lipime kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia unaweza kuwa na ganzi ukaungua hujui. Halafu sukuma kifundo cha kidole kimoja kimoja kwa kidole gumba cha kushoto, shikilia unapohisi mvuto unaovumilika, hesabu hadi 30 taratibu, achia. Baada ya hapo vidole vyenyewe bila msaada: vinyooshe vyote, kunja ncha tu kama ndoano, nyoosha, kunja vifundo vikubwa huku vidole vimenyooka kama paa la nyumba, nyoosha, halafu ngumi kamili kadri inavyoenda. Mara 10 kila staili. Hizo staili sio mapambo, kila moja inazisogeza kano kivyake zisinasiane. Fanya mara 5 au 6 kwa siku, kidogokidogo, wengi wanataka wafanye saa zima asubuhi wamalize, mkono haupendi hivo. Maumivu yakitulia ndani ya nusu saa uko sawa, ukiamka kesho umevimba kuliko jana jua ulizidisha, punguza. Ukimaliza uinue juu ya usawa wa moyo, na ukipaka mafuta ukandie kutoka ncha za vidole kuja kiwikoni, sio kushuka.

Mazoezi peke yake yanachosha, nakwambia ukweli, watu wanaacha. Ndo maana kazi yetu sisi ni kuyaficha ndani ya shughuli. Chambua maharage, kwanza kiganja kizima halafu kwa gumba na shahada. Fua leso na uikamue ndani ya maji, baadae taulo dogo. Anika kwa vibanio, kile kibanio cha nguo ni mashine nzuri ya gumba na haina gharama. Kanda unga wa chapati laini. Sindano ziokote mezani moja moja, kazi ambayo hata bila mimi ungeifanya. Na gumba ulipe heshima yake, kwenye mahesabu ya madaktari ya kukadiria ulemavu lenyewe linapewa asilimia 40 ya mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wanajua gumba linafanya nini.

Wakati huohuo rahisisha vinavyokushinda. Kata mpira wa ndani wa baiskeli uuvishe kwenye mpini wa kijiko na wa kisu, mpini ukiwa mnene hata ngumi isiyofunga inaushika. Vifungo, pitisha ndoano kwenye tundu la kifungo, inase kifungo, uvute. Ugali asonge mtu mwingine, na ndoo ya lita 20 usiiguse mpaka daktari aliyeangalia eksirei yako akuruhusu. Cherehani yako kama ni ya miguu anza hata leo, nusu saa, kazi ya kunyoosha mshono wa kitambaa chepesi, mkono unaongoza tu. Mkasi ndo wa mwisho mama, unadai ngumi na nguvu kwa pamoja, kukata mwachie mwanafunzi, ukianza anza na vitiringi vya mkasi umevizungushia kitambaa na kitambaa cha kukata kiwe kimoja, sio suti.

Haya sasa mambo ambayo hayasubiri mazoezi. Laza kiganja mezani, inua gumba peke yake litoke juu ya meza. Kama haliinuki na zamani liliinuka, kano yake imekatika, inatokea wiki kadhaa baada ya kuvunjika hapo kwenye kifundo, hata mfupa ukiwa haukuhama, na mara nyingi haiumi kivile ndo maana watu hawashtuki. Hiyo inataka upasuaji, rola na maharage havitakusaidia. Pia mkono ukiwa unawaka kama moto, umevimba unang'aa, unatoka jasho au rangi yake tofauti na mwenzake, hata shuka likigusa unaruka, au ganzi ya gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete inayokuamsha usiku, nenda wiki hii hii usinisubiri mimi. Na kwa umri wako, kuvunjika kwa kuteleza tu, muulize daktari kuhusu uimara wa mifupa kwa ujumla.

Hata kama hayo yote huna bado nataka uonwe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia fizio, na uwaambie unataka mtu wa tiba kwa vitendo kama yupo, sisi tuna kitu hakipatikani nyumbani, kifaa cha plastiki tunachokifinyanga kwenye mkono wako mwenyewe kinashikilia vidole kwenye mvuto mdogo kwa masaa. Kamba zilizofupika zinaisikia hiyo kuliko mvuto wa sekunde 30.

Zile sentimeta pima kila Jumapili, asubuhi, kidole hichohicho, andika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Wiki mbili zikipita namba ya kusaidiwa inapungua, endelea, ngumi itarudi kwanza na nguvu itafuata nyuma, nguvu inachukua miezi, wengine hadi mwaka. Zikibaki palepale usiongeze nguvu, beba daftari uende nalo hospitali. Na oda za sikukuu chukua nusu ya unazochukuaga.