Kabla hujapanda chochote kando ya bwawa, jua kwanza tope limetoka wapi

Kamwene mkuu.

Umesema bwawa lako huko Mafinga lina miezi minane, kingo ni udongo mwekundu mtupu, na chini ya tuta pana tope lisilokauka. Unataka mimea inayopenda maji, papendeze, na ikiwezekana upate na cha kula. Naona watatu wameshakujibu "weka migomba na magimbi, mchezo umeisha." Nina bwawa la perege mwaka wa saba sasa, kwenye baridi hiyohiyo, na migomba hiyo ndiyo iliyonitia hasara. Kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Hilo tope la chini ya tuta ndilo linalonisumbua kuliko maua. Bwawa jipya likiwa na tope upande wa chini hata kiangazi, mara nyingi tuta linavuja, na ukipanda hapo unapamba tundu. Chomeka kijiti chenye alama ndani ya bwawa, funga maji yanayoingia na yanayotoka, subiri siku tatu nne zisizo na mvua. Jua na upepo wa huku kwetu vinakula milimita chache tu kwa siku. Yakishuka sentimita mbili au tatu kila siku, acha habari ya mimea, tafuta udongo wa mfinyanzi ushindilie tuta. Yakishuka kidogo tu na tope bado lipo, basi una chemchemi ndogo au maji ya ardhini yako juu. Hapo una bahati, maana sehemu ya namna hiyo watu wanaitafuta.

Baada ya hapo chimba shimo la kipimo kwenye hilo tope, kina cha sentimita 60, ulifunike wasije wakatumbukia watoto au mbuzi. Liangalie Machi, liangalie tena Oktoba. Machi bonde lolote la Mufindi linaonekana kama jaruba la mpunga, kwa hiyo Machi haikuambii kitu. Oktoba ndiyo inayosema kweli. Kwangu upande mmoja Machi maji yalikuwa usawa wa ardhi, Oktoba shimo likawa kavu hadi chini na udongo umepasuka. Upande wa pili, hatua kumi tu kutoka hapo, maji yalikuwa kiganja kimoja kutoka juu mwaka mzima. Hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa, na mimi nilizipanda mimea ileile. Udongo nao unasema: ukichimba ukakuta rangi ya kijivu, madoa ya kutu na harufu ya mayai viza, ujue hewa haifiki humo.

Na hewa ndiyo kiini chenyewe. Mmea kupenda unyevu ni jambo moja, kuvumilia kusimama majini ni jambo jingine. Mzizi unapumua. Mafunjo yana vitundu vya hewa ndani kwa ndani hadi mizizini, kata bua lake uone lilivyo kama sponji. Parachichi halina mpango huo, litaoza mizizi ndani ya msimu mmoja. Mgomba unakunywa maji mengi lakini unataka yapite, yasikae. Mianzi ya ulanzi vilevile, ipeleke juu kwenye mteremko.

Sasa migomba yangu. Niliipanda juu ya tuta, minane, nikajisifu. Mwaka wa tatu nikaona maji yanatoka kama uzi upande wa pili. Mizizi ya migomba iliyokwisha kukatwa ilioza ikaacha njia, maji yakazifuata, na panya wakaongeza zao. Nilitoa samaki wote, nikabomoa mita nne za tuta, nikaanza upya. Tangu hapo juu ya tuta langu hakuna kitu zaidi ya ukoka, na kwa nje nimepanga mstari wa nyasi za vetiva. Mti wowote, hata uwe mdogo na mzuri kiasi gani, hapana. Magimbi nayo hapana, kwa sababu kila ukichimba kuvuna unalegeza tuta mwenyewe.

Magimbi weka kwenye tope lako, chini, mbali na mguu wa tuta. Yanakubali maji ya kina kifupi mradi yatembee kidogo. Yakituama kabisa yanaoza. Kwa baridi yetu usitegemee miezi sita, hesabu karibu mwaka. Na yapikwe yaive kweli, yasije yakawasha watu koo.

Kwa uzuri, chaguo langu la kwanza ni lile ua jeupe lenye umbo la faneli na kijiti cha njano katikati, wauza maua wanaliita kala. Kwao ni kusini mwa Afrika, baridi haliogopi sana, na linakaa kwenye tope au hata majini kidogo. Nililipanda ule upande unaopasuka Oktoba, likanyauka lote, nikang'oa nusu kwa hasira. Mvua za Desemba zilipokolea, yale niliyoyaacha yakachipua. Kumbe lilikuwa limelala tu. Watoto wasilitafune, linaunguza mdomo. Kana, zile nyekundu na njano za kila ua wa nyumba, zinakubali palepale. Ile barafu ya asubuhi ya Juni na Julai inachoma majani yake yakawa meusi. Kata, shina la ardhini litarudisha.

Haidrenjia nayo usiisahau, ila iweke juu kidogo penye unyevu usiotuama. Udongo wetu una asidi, ndiyo maana chai inakubali, na ndiyo maana haidrenjia za Mufindi zinatoka za buluu wakati mbegu hiyohiyo kwenye udongo wa chokaa inatoka ya waridi. Kuna na yale maua kama mienge, mekundu juu na njano chini, ya jamii ya yale ya Kitulo. Yangu nilipewa na jirani aliyekuwa nayo uani. Tafadhali usiende Kitulo na jembe; pale ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na okidi zake zimeshachimbwa vya kutosha kwa kuliwa.

Mafunjo nilipenda, nikajuta. Jamaa aliniletea shina moja kwenye ndoo, kwa mwaka na nusu yakala robo ya bwawa. Ukiyataka, yafungie kwenye beseni. Gugu maji usilete hata kwa utani, ulizia watu wa Ziwa Victoria. Yungiyungi sawa, lakini weka kwenye beseni lenye mawe juu ya udongo, maana perege wanachimba viota na kung'oa kila kitu. Lisifunike zaidi ya theluthi ya maji. Na pale mnapoingilia kuvua pawe peupe: majani mengi yanaficha konokono wa kichocho, na viluwiluwi vya mbu mahali ambapo samaki hafiki.

Kama tope lako ni chemchemi kweli, juu yake panda mivengi, miti ya porini ya jamii ya zambarau. Matunda utakula na ndege watakula, na maji hayatakukimbia, tofauti na ukipanda milingoti (mikaratusi). Lakini pima kwanza umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za mto au chanzo cha maji, na bustani ya magimbi inaweza kuhesabiwa humo. Kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya Bonde la Rufiji, ofisi iko Iringa mjini. Ni afadhali uende kabla hawajakufuata.

Chimba shimo wiki hii, chomeka na hicho kijiti chenye alama, kisha lete picha hapa na vipimo vya siku nne. Ukiniambia maji yanashuka sentimita ngapi, nitakwambia kama uende kutafuta miche au udongo wa mfinyanzi.