Chungu cha mwisho kinafurika: angalia usawa kwanza

Pole ndugu, wewe ambaye vyungu vyako vya mimea vinapata maji yenyewe kutoka kwenye ndoo, kupitia boya (kifaa kinachoelea na kufunga maji yakifika kiwango), na cha mwisho kinafurika. Kama vyungu vya juu ni vikavu na cha chini kinamwaga maji usiku kucha, ndoo haina kosa. Boya moja haliwezi kuhudumia vyungu vilivyopishana kimo. Maji yatakimbilia cha chini tu. Viweke vyote usawa mmoja, au kila kimo kiwe na boya lake.

Bado kinafurika? Funga koki, fungua boya, usugue kile kiraba kidogo kinachoziba maji: chembe ya mchanga inatosha kulizuia lisifunge. Kitambaa mdomoni mwa ndoo kitachuja.

Toboa pia tundu ubavuni mwa chungu, juu kidogo ya kiwango cha maji, ili yakizidi yatokee hapo. Na kama ni ghorofani na dari ya jirani imeanza kulowa, funga maji sasa hivi, umwite fundi.