Mbavu za baba na lawama za shangazi

SWALI: Shikamoo daktari. Baba, mvutaji tangu ujanani, alianguka gereji, hapumui. Fundi akambonyeza kifua mpaka msaada ulipofika. Amepona, ila mbavu mbili zimevunjika na shangazi anamlaumu fundi. Sasa baba anaomba sigara "moja tu". Binti, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shangazi ampikie fundi huyo pilau! Kifua cha mtu mzima hubonyezwa katikati, kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu kuvunjika hutokea sana, nazo huunga. Sigara hapana, hata mvuto mmoja. Moshi hubana mishipa ya moyo na kuchochea damu kuganda. Akiacha mwaka mzima, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Akikasirika, mvumilieni, wiki za mwanzo ni ngumu.