Mashine ya mzee si ya oksijeni, na kwenye kaunta msiiite hivyo

SWALI: Habari daktari. Baba yetu ana miaka 64 na tangu mwaka jana analala na mashine ya kupumulia kwa sababu ya apnea ya usingizi, yaani pumzi zake hukatika akilala. Mwezi ujao anapanda ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hadi New York kumtembelea dada yangu. Ajenti wa tiketi anasema mashine ya oksijeni hairuhusiwi bila fomu ya hospitali, na kwamba ni heri tuifunge kwenye sanduku iende na mizigo mikubwa. Fundi wa mtaani anatuuzia transfoma ya stima ya Marekani pamoja na betri ya pikipiki ya kutumia ndani ya ndege. Jirani naye anasema kuna kimtungi cha oksijeni kinachotosha safari nzima, mashine ibaki nyumbani. Tufuate lipi? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Dada, msifuate hata moja. Hao watatu wamepotea kila mmoja kwa njia yake, lakini wawili kati yao wameponzwa na neno moja, nalo ndilo linalojaa kwenye barua za aina hii: oksijeni.

Mashine ya mzee, jina lake CPAP, haina oksijeni. Haiitengenezi, haiihifadhi, haiiongezi. Igeuzeni muione kwa nyuma: kuna kichujio kidogo cheupe, ambacho kwa vumbi la Nairobi huwa kijivu baada ya wiki chache. Hewa ya chumbani inaingia hapo, mota inaisukuma kwenye mpira, nayo inafika kwenye barakoa. Iliyoingia nyuma ndiyo inayotoka mbele, yenye oksijeni asilimia 21, ile ile anayopumua kondakta aliyening'inia mlangoni mwa matatu. Kinachotibu ni ule msukumo. Mzee akishikwa na usingizi, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, na njia ya hewa inajifunga. Mmeona mpira laini wa kumwagilia bustani unavyolala bapa maji yakifungwa, na unavyotuna yakifunguliwa? Koo lake ni huo mpira, na hewa ya mashine ndiyo maji. Msukumo unapimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi zinafanya kazi kati ya 4 na 20. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipochapisha matokeo ya kwanza ya tiba hii mwaka 1981, walichokuwa nacho ni kipulizia hewa, mpira na barakoa ya pua. Mtungi haukuwepo.

Hili si somo la kupoteza muda, kwa sababu lina madhara yake uwanja wa ndege. Abiria wa oksijeni ana sheria zake: idhini ya kiafya ya shirika, fomu ya daktari, maswali ya kiasi cha lita kwa dakika. Mtungi wa kwake mwenyewe hauruhusiwi kabisa kwenye ndege za Marekani, na mashirika mengi ya kwingine hayautaki pia. Sasa mzee akifika kaunta saa nne usiku na kusema "nina mashine ya oksijeni", mhudumu afanye nini? Atamweka kando amwite mkubwa wake, na mkubwa atauliza fomu. Hapo mtamlaumu mhudumu bure. Semeni "mashine ya CPAP ya apnea ya usingizi, haina oksijeni", na barua ya daktari iseme hivyo hivyo: ugonjwa, jina la mashine, namba yake, na msukumo uliowekwa. Ukurasa mmoja unatosha. Pigieni shirika lenyewe simu saa 48 au zaidi kabla ya safari, si ajenti, muwaambie anataka kuitumia akiwa angani. Waulizeni mambo mawili: je, wanahitaji hati ya mtengenezaji kwamba mashine haiingiliani na mitambo ya ndege, na je, kiti alichopewa kina soketi ya stima.

Kuhusu sanduku, hapana. Mashine inabebwa mkononi. Mizigo mikubwa hurushwa, hulaliwa na masanduku mengine, na mara nyingine hupelekwa mji ambao mzee hakupanga kwenda. Kwa safari za kwenda na kutoka Marekani, sheria za huko zinaihesabu kuwa kifaa cha tiba, kwa hivyo haiingii kwenye idadi ya mizigo ya mkononi. Begi lake liwe peke yake basi. Mkijaza humo viatu na majani ya chai ya kumpelekea dada yenu, limekuwa begi la kawaida na litahesabiwa.

Kabla ya kutoka nyumbani, kitangi cha maji, kile kinachoipa hewa unyevu, kichomolewe, kimwagwe, kikaushwe kwa kitambaa. Nasisitiza hili kwa sababu linaua mashine. Kitangi kikibaki na maji ya kidole kimoja, mashine inakaa salama maadamu iko mezani. Kwenye begi inasimamishwa wima, kwenye mkanda wa ukaguzi inalazwa ubavu, na maji yanarudi kwenye tundu la hewa hadi kwenye mota. Haiharibiki papo hapo. Inawaka vizuri usiku wa kwanza, wa pili inaanza kunguruma, wa tatu inatoa harufu ya waya ulioungua, na mwenye mashine anaapa kwamba ni stima ya Marekani iliyoiua. JKIA ukaguzi si mmoja, kwa hivyo begi litalazwa na kusimamishwa mara kadhaa. Wakaguzi wakitaka mashine itoke kwenye begi, itolewe. Mpira na barakoa kwa kawaida vinabaki ndani. Trei zile zimebeba viatu vya kila mtu, kwa hivyo ifungeni kwa foronya safi ya mto. Barakoa ya akiba, au angalau ile mipira laini inayogusa uso, iwe mkononi pia, maana ikichanika angani hakuna duka.

Sasa fundi wenu. Chini ya chaja ya mashine kuna kibandiko chenye maandishi madogo. Kisomeni. Karibu kila mashine ya miaka hii imeandikwa volti 100–240, hezi 50/60. Maana yake inakubali volti 240 za Kenya na 120 za Marekani bila kubadilishwa chochote. Kinachobadilika ni umbo la plagi: sisi tunatumia miguu mitatu bapa kama Uingereza, Marekani wana miguu miwili bapa, mara nyingine na wa tatu wa mviringo. Anachohitaji mzee ni adapta ndogo ya plagi inayotosha kiganjani, na waya wa kuongezea, maana soketi ya chumba cha wageni haiwi karibu na kitanda. Transfoma ya kilo nne ni ya mtu anayebeba pasi au blenda.

Betri ya pikipiki ndiyo imenishangaza zaidi. Betri yenye asidi inayoweza kumwagika hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria, mkononi wala tumboni mwa ndege. Na hata ingeruhusiwa, ni ya volti 12, ilhali mashine nyingi zinataka volti 24. Betri inayofaa ni ya lithiamu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya aina yake, na inabebwa mkononi, ncha zake za stima zimefunikwa. Ukubwa wake unahesabiwa kwa wati-saa: volti mara ampea-saa. Isiyozidi 100 haihitaji ruhusa. Kati ya 100 na 160 mnaomba ruhusa ya shirika, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi. Kama kibandiko kimefutika hata hesabu haisomeki, mkaguzi ana haki ya kuibakiza.

Fanyeni hesabu. Kwenye msukumo wa 10 hivi, mashine isiyopasha maji inakula kama wati 10 kwa wastani. Mzee akilala saa 7, ni wati-saa 70, na betri moja ya chini ya 100 inamfikisha. Mkiwasha kipasha maji na mpira wa joto, matumizi yanaweza kufika wati 40, yaani wati-saa 280 kwa usiku huo huo, na hakuna betri ya abiria ya ukubwa huo. Kwa hivyo angani joto la maji linazimwa kwenye menyu na kitangi hakitiwi maji. Koo litakauka kidogo, anywe maji. Shirika pia linaweza kudai betri za kutosha asilimia 150 ya muda wa safari. Kwa safari ya saa 15 ni saa 22 na nusu, yaani betri tatu za aina hiyo, basi ulizeni mapema wanataka nini.

Soketi ya kitini ni msaada wa pili tu. Nyingi zina kikomo cha wati 75 hivi, na chaja ya wati 90 ikivuta kwa nguvu zinajizima. Joto la maji likizimwa, mara nyingi zinavumilia, lakini msizitegemee peke yake. Mzee akae dirishani ili mpira na waya visimpite jirani. Safu ya mlango wa dharura hataruhusiwa. Wakati wa kuruka na kutua, kwa kawaida mashine inazimwa na kuwekwa chini ya kiti. Kama ni ile inayotuma taarifa kwa mtandao wa simu, iwekwe hali ya ndegeni.

Kuhusu mwinuko, watu wa Nairobi wanaogopa bure. Kenya Airways wanaenda New York kwa Boeing 787, na kabini ya ndege hiyo hushikiliwa kwenye hewa ya mwinuko wa mita 1,800 hivi. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800. Mzee atakuwa kama amelala nyumbani, isipokuwa kiti ni kifupi. Ndege nyingine zinafika hali ya mita 2,400, na mashine za kisasa zinajirekebisha zenyewe.

Narudi kwa jirani, kwa sababu kimtungi chake ndicho kinachoweza kumdhuru mtu. Koo likiwa limefungwa, oksijeni inapita wapi? Ukimwagia mtu oksijeni puani bila kufungua njia, damu inaweza kuonekana na oksijeni zaidi kwa muda, lakini pumzi bado zinakatika, tena zinaweza kukatika kwa muda mrefu zaidi, na hewa chafu inajikusanya mwilini. Anaamka na kichwa kinachopasuka. Wanaouza vitu hivi mjini wana mchezo wao: wanakubana kidole na kile kipimo cha oksijeni ya damu chenye taa nyekundu, wanakuvutisha mtungi, namba inapanda kutoka 94 hadi 98, unatoa pesa. Umepimwa ukiwa macho, umekaa wima, unaongea! Apnea haipo saa hiyo. Ingekuwa haki wakupime saa tisa usiku ukiwa chali unakoroma, na hapo hawapo. Wakikosa mtungi, wana sumaku ya puani, mkanda wa kufunga kidevu, na unga wa mizizi wa kukomesha kukoroma. Kukoroma kunaweza kupungua kweli na pumzi ziendelee kukatika kimya kimya, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu mke aliyekuwa akimtikisa mzee sasa analala fofofo.

Katika kundi hilo mimi naweka pia wale wa dukani wanaompa abiria vidonge vya usingizi "alale hadi Amerika". Diazepamu na wenzake, pamoja na pombe ya bure ya ndegeni, hulegeza misuli ya koo ambayo tayari ni legevu. Hata Piriton, ambayo hapa kwetu imekuwa peremende ya usingizi, asipewe. Mwenye apnea asiye na mashine inayofanya kazi ni heri akeshe akitazama sinema.

Na mwisho, kwa wanaongojea ndugu awaletee mashine iliyotumika kutoka ng'ambo: mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mashine zake nyingi, zikiwemo za DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kumomonyoka na chembe zake kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Kuzisafisha kwa vifaa vya ozoni kunaongeza tatizo. Baadhi bado zinauzwa mkononi, zimepanguswa zikang'aa. Namba ya mashine iko kwenye kibandiko cha chini. Iangalieni kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla pesa haijatoka. Zile kuukuu kabisa zina kasoro nyingine: hazijirekebishi kwa mwinuko. Iliyowekwa 10 katika mji wa pwani ikaletwa Nairobi bila kubadilishwa itasukuma chini ya hapo, na mgonjwa atazunguka mwaka mzima akisema CPAP haimsaidii.