Je, Nikope Ili Kununua Noah Iliyotembea Kilomita 238,000?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Mke wangu huchukua kabichi na karoti Mgeta na kuziuza mjini, na sehemu kubwa ya faida yake huishia kwenye kukodi gari la mzigo. Tumepata Toyota Noah ya mwaka 2004, namba C (herufi za usajili wake zinaanza na C), inayosoma kilomita 238,000, kwa shilingi 12,000,000. Mkononi nina shilingi 4,000,000, na kwenye SACCOS, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, nina akiba ya shilingi 3,000,000. Benki imekataa kuipokea gari hiyo kuwa dhamana kwa sababu ya umri wake. Kampuni moja ya mikopo iko tayari kunipa shilingi 8,000,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, nayo ishike kadi ya gari. Nikubali, au nitoe akiba yangu SACCOS nitafute gari la bei ndogo?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, benki haikukuonea. Anayeshika gari kuwa dhamana hujiuliza kama, siku mteja akishindwa kulipa, gari hilo litauzika kwa bei ya kufidia deni, na gari la zaidi ya miaka 20 halimpi jibu la kumtuliza. Isitoshe, kampuni nyingi za bima husita kuandika bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa gari la umri huo, na mabenki kwa kawaida hayatoi mkopo wa gari bila bima hiyo. Anayekubali pale benki ilipokataa hufidia wasiwasi wake kwa riba, yaani wewe ndiye unayeulipia.

Asilimia 2 ni ndogo masikioni, lakini uliza inatozwa juu ya nini. Ikiwa inatozwa kila mwezi juu ya shilingi 8,000,000 zote, hata baada ya kulipa nusu yake, utarejesha shilingi 382,222 kwa mwezi, na riba peke yake itafika shilingi 5,760,000. Ikiwa inatozwa juu ya salio linalopungua, rejesho litakuwa kama shilingi 313,900, na riba yote itakuwa takribani shilingi 3,300,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni karibu shilingi milioni mbili na nusu. Omba jedwali la marejesho kabla ya kusaini chochote. Anayekataa kulitoa amekwisha kukujibu.

Akiba ya SACCOS usiiguse, maana ndiyo ufunguo wako. Vyama vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo shilingi 3,000,000 zinaweza kukufungulia mkopo wa hadi 9,000,000, ukidhaminiwa na akiba hiyo, mshahara na wanachama wenzako. Umri wa gari hauingii katika hesabu hiyo, na kadi itabaki kwako. Ukiitoa akiba leo, umeifunga njia hiyo.

Hesabu yako ina pengo jingine: 4,000,000 na 8,000,000 zinaishia mikononi mwa muuzaji, wala hakuna kilichobaki cha kuhamisha umiliki, bima, oili na tairi. Mimi nisingevuka bei ya shilingi 10,500,000, ili shilingi 1,500,000 zibaki kwa ajili ya hayo na fundi.

Kilomita 238,000 zenyewe hazinitishi. Ningeogopa zaidi kuona 90,000 kwenye Noah ya namba C, kwa kuwa kilomita huchakachuliwa kila siku. Tazama mpira wa pedeli ya breki: uliolika hadi chuma kuonekana hausemi uongo. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, ufike alfajiri, na uguse boneti kuhakikisha ni ya baridi. Fungua kifuniko cha oili. Utando mweupe kama maziwa ni dalili kwamba huenda maji yanaingia kwenye oili, na kushusha injini kutameza akiba yote ya fundi. Ukiiwasha, moshi wa bluu unaoendelea ni ishara ya injini inayokula oili. Kisha nenda na fundi wako, wala si wa dalali, mkaipandishe mlima ikiwa na mzigo, kwa sababu njia ya Mgeta ndiyo itakayowafundisha rejeta na giaboksi adabu.

Ikifaulu, hakikisha namba ya chasisi inalingana na kadi, uliza kama ina faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na usikabidhi fedha yote kabla umiliki haujahamishwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa jina lako. Isipofaulu, iache. Mkopo wa SACCOS haujafungwa na gari hiyo, na utakusubiri mpaka upate nyingine.